Bolti Zilipokatika Ihumwa

Bolti ya kwanza ilikatika asubuhi, kabla jua halijaanza kuunguza bati la banda letu. Nilikuwa nimeng'ang'ania spana kwa mikono miwili, nikahisi nati inaanza kulegea, kumbe haikuwa nati. Ilikuwa bolti yenyewe ikijinyonga ndani ya chuma. Ikalia ta! Nikaangukia mbele, vifundo vya vidole vikachunika kwenye silinda. Nilipoinuka, askari aliyekuwa amekaa mlangoni alikuwa naye amesimama.

"Nini hiyo?" akauliza.

"Bolti imekatika."

"Imekatika, au umeikata?"

Shemeji yangu, aliyekuwa akivukuta moto pembeni, aliacha mvukuto akanitazama. Nilijua anawaza ninachowaza mimi. Wiki chache nyuma tulikuwa tumesikia kwamba huko mashariki mtu mmoja wa genge la reli amenyongwa kwa sababu bolti ya taruma linalobeba reli ilikutwa imelegea. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeilegeza. Bolti ilikuwa katika sehemu yake, basi.

Hiyo ilikuwa enzi ya Mdachi, mwaka ambao vita vyake na Mwingereza vilikuwa vimefika Kondoa. Mimi nilikuwa fundi wa reli katika stesheni ndogo ya Ihumwa. Baba yangu aliuza nguo Dodoma; babu alikuja na misafara ya pembe za ndovu, akachoka kutembea, akabaki. Nilijifunza chuma reli ilipofika kwetu, nikaoa binti wa Kigogo wa palepale Ihumwa. Kaka yake mkubwa, huyo shemeji, alikuwa mhunzi. Zamani alifua majembe na mikuki. Reli ilipoleta chuma chakavu kwa wingi, Wadachi wakamchukua awafulie na wao.

Kila siku watu kutoka upande wa Kondoa walipita. Wengine walitoka Busi, wakiwa na mbuzi wachache, mikeka kichwani na watoto wenye vumbi hadi kwenye kope. Walituomba maji, wakanywa, wakaendelea kusini. Ukiwauliza Mwingereza amefika wapi, walionyesha tu kule walikotoka. Ng'ombe wengi wa Ihumwa walikuwa wameshachukuliwa kulisha majeshi. Mtama uliokuwa ghalani nao ulichukuliwa. Mvua zilikuwa zimenyesha kidogo, na watu walianza kula mara moja kwa siku bila mtu kuwaambia.

Ndipo bwana mkubwa wa njia akatuletea motokaa, ambayo mashine yake ndiyo niliyokuwa nikiifungua asubuhi ile. Alikuwa Mdachi aliyesimamia reli upande wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Motokaa ilikuwa ya mkulima mmoja wa Kidachi. Mipira ya magurudumu ilikuwa imekwisha, na mingine haikupatikana kwa kuwa Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Bwana aliishusha kutoka behewani, akatuonyesha kiberenge chake, kile kigari cha reli alichotumia kukagua njia. Mashine yake ilikuwa dhaifu. Watu watatu wakipanda, mlimani kilisukumwa.

"Toeni mashine ya motokaa," alisema. "Itengenezeni. Ifungeni kwenye kiberenge. Nataka kiende mbio."

"Vipuri, bwana?"

"Hakuna vipuri. Mnavyo vyuma, mna moto."

Akatuwekea askari wa kutulinda, Msukuma mmoja mwenye uso mpole na bunduki iliyotunzwa vizuri. Kumlinda nani dhidi ya nani, hatukuambiwa.

Mashine ile ilikuwa imechoka. Pete za pistoni zilikwisha, kwa hiyo ilitupasa kuzivua silinda zilizofungwa juu ya sanduku la mashine kwa bolti. Kwa miaka mingi mwenyewe aliipoza kwa maji ya visima vya kwetu, na maji ya kwetu yana chumvi. Yalivuja, yakashuka, yakaingia kwenye hesi za bolti, ile michirizi inayoshika nati, yakazila polepole. Kwa nje zilionekana nzima.

Baada ya ile ya kwanza nikawa mwangalifu. Tulizimwagia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, tukaziacha zinywe mchana kutwa. Kesho yake moja ikatoka salama, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Iliyofuata ikakatika. Na nyingine tena. Askari akatoka kimya kimya, na alipotoka tulijua anakwenda wapi.

Bwana alikuja. Alichukua kipande kilichokatika, akakigeuza kwenye jua. Nilimwonyesha kwamba kingo zilikuwa nyeusi kwa kutu na katikati tu ndiyo iliyong'aa. Sijui kama alinisikia. Alivua koti, akalitundika msumarini, akachukua spana mkononi mwangu. Akaiweka kwenye bolti nyingine, akavuta.

Ta!

Shemeji aliangalia chini. Askari aliangalia nje, kule kwenye tangi la maji, kana kwamba kuna kitu kipya huko. Bwana akairudisha spana mkononi mwangu kwa upole, kama mtu anayekurudishia kikombe. Akavaa koti.

"Zote zitoke," alisema. "Mkishindwa, nitajua kwamba hamkutaka."

Alipokwenda, shemeji alisema, "Ingekuwa heri angetupiga."

Hivyo tukaanza kazi ya kutoa vishina, vile vipande vya bolti vilivyobaki ndani ya chuma. Bolti ikikatika juu ya chuma, unaweza kuishika na kuizungusha. Hizi zilikatika sawasawa na uso wa chuma, hakuna pa kushika. Shemeji alichukua tupa la zamani, akaliingiza motoni, akalifua likawa ncha ya keekee, akalitia makali. Nilitoboa katikati ya kishina taratibu sana, maana ukienda upande unaharibu hesi, na ukiharibu hesi hakuna sanduku jingine katika nchi nzima. Shemeji alifua vijiti vyembamba vya chuma kigumu, vyenye pembe nne, vinavyopungua kuelekea nchani. Unakigongomea kijiti ndani ya tundu, pembe zake zinauma, kisha unakizungusha kwa spana kama unavyomwamsha mtu anayeumwa.

Vingine vilizunguka, vingine vilikataa. Kuna kimoja ambacho kijiti kilikatikia ndani yake, tukawa na matatizo mawili mahali pa moja. Tulipasha moto chuma kuzunguka tundu, tukamwagia mafuta, tukangoja, tukapasha tena. Moshi wa nyonyo ulitujaa kifuani. Mke wangu alituletea uji mlangoni, mtoto wetu mchanga akiwa mgongoni, na askari hakumruhusu kuingia. Aliupokea uji yeye, akatuletea. Siku moja nilimwona amechota kidogo kwa kidole, akajilamba akidhani hatumwoni. Nikajua kwamba na wao chakula kimewaishia.

Siku hiyohiyo treni ilileta masanduku, yakapangwa kwenye kivuli cha stesheni, yakafunikwa turubai. Shemeji alikwenda kuchota maji akarudi bila maji.

"Ni baruti," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Ya nini?"

"Huoni? Mwingereza anakuja na reli ni ya Mdachi. Atamwachia nzima? Atavunja tangi, atavunja madaraja. Hiki kiberenge si cha kukagua njia, shemeji. Ni cha kukimbilia."

Nilitazama silinda zilizokuwa mezani, zimesafishwa, zinang'aa. Tangi lile ndilo lililowanywesha watu na wanyama wa Ihumwa visima vilipokauka.

"Tuache?" nikauliza.

"Tukiacha watatunyonga na tangi litavunjwa vilevile." Akarudi kwenye mvukuto.

Bolti mpya alizifua yeye kutoka kwenye vyuma vya behewa bovu, nami nikazikatia hesi kwa mkono. Hatukuwa na chuma imara cha kutosha, kwa hiyo ile ya zamani iliyotoka salama tuliirudisha. Tuliifunga mashine kwenye kiberenge, na ilipowaka banda zima lilitetemeka. Bwana alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaninyooshea kidole.

"Wewe utakuja na mimi. Mashine ikisimama, utaitengeneza."

Shemeji akasema, "Bwana, huyu ana mtoto mchanga. Nichukue mimi."

"Wewe unajua moto," alijibu bwana. "Yeye anajua mashine."

Mwingereza alipokaribia, tuliondoka mchana kuelekea mashariki: bwana, yule askari, mimi, na masanduku. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na njia na hakulia. Nyuma yetu tangi lilishapasuliwa. Maji yalikuwa yakienda ovyo mchangani, na watu walikimbia na vibuyu, na vyungu, na hata vitambaa, wakiyafyonza ardhini.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tukifika darajani tulivuka, tukasimama upande wa pili. Bwana na askari walirudi kutega baruti, mimi nikabaki nimeiacha mashine inawaka, maana ikizimika huenda isiwake tena. Bwana akiwasha utambi walikuja mbio, wakaruka juu, nikaachia breki. Tulikuwa tukisikia mshindo nyuma na mawe yakinyesha mahali tulipokuwa. Madaraja ya mwanzo tuliyamaliza hivyo. Kila mshindo niliuhesabu kuwa ni njia yangu ya kurudi inayokatwa, ingawa mito ile ilikuwa mikavu na mtu kwa miguu angeweza kuivuka.

Jioni ilipokaribia tulifika kwenye korongo refu. Utambi uliwashwa, wakaja, wakaruka. Niliachia breki, kiberenge kikaanza kutembea, na nikaisikia.

Ta!

Silinda moja iliinuka upande, ikatema moshi na mafuta, mashine ikazimika. Ilikuwa ile bolti ya zamani, ile iliyotoka salama nikamshukuru Mungu. Tulizofua sisi zilikuwa zimeshika.

Tuliruka chini sote watatu, tukasukuma. Nakumbuka mkono wa bwana kando ya wangu kwenye chuma cha moto, na kwamba alikuwa akihema kama mtoto. Nakumbuka nikiwaza kwamba masanduku yaliyobaki yako mbele ya kifua changu. Kisha ardhi ikaruka, nikajikuta nimelala kifudifudi na mchanga mdomoni. Askari alikuwa hai. Bwana alikuwa amekaa kwenye taruma, sikio lake linatoka damu, anaitazama mashine.

Nikangoja aseme kwamba nimeihujumu. Mkono wake ulikuwa kwenye kifuko cha bastola, lakini aliuondoa, akajifuta damu ya sikio. Kisha akatuamuru tushushe masanduku na kukisukuma kiberenge korongoni. Kiliviringika, kikavunjika chini. Akanitwika sanduku moja, mengine tukayafukia, na tukaanza kutembea kuelekea mashariki, yeye mbele, askari nyuma yangu.

Asubuhi ya pili, bwana alipokuwa ametangulia akitafuta maji, askari aliniambia, "Tua."

Nilidhani atanipiga risasi. Nikatua.

"Mkeo alinipa uji," alisema. "Nenda. Usipite njia ya reli, majeshi yote yanaipita."

"Na wewe?"

"Kwetu ni mbali, na huko nako kuna Wabelgiji." Akajitwika lile sanduku mwenyewe, bunduki begani, akaenda. Nilimtazama mpaka vichaka vikamficha.

Nilirudi nikipita porini, nikila mizizi na ukwaju mbichi. Nilipofika Ihumwa, majeshi mapya ya Mwingereza yalikuwa yameshaingia, na farasi wao walikuwa wakifa kando ya njia. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinishika mikono, akaigeuza, akaitazama kama anatafuta vidole vilivyopungua. Mtoto alikuwa mzima. Nikauliza kaka yake yuko wapi.

"Wamemchukua juzi," alisema. "Wamechukua wanaume wote wenye nguvu, wabebe mizigo. Aliwaambia yeye ni mhunzi. Hawakuelewa Kiswahili chake, na mkalimani hakujali."

Nikaenda Dodoma na mama mkwe. Alikuwa mtu mzima, lakini alitembea mbele yangu njia nzima. Kwenye kambi tuliambiwa kwamba kundi lile limeshapelekwa kusini, kuvuka mto mkubwa wa huko. Tulirudi tena baada ya mavuno mabovu, na tena baada ya hapo. Waliorejea walikuwa wachache, na hawakutaka kusimulia. Mmoja tu alisema alimwona shemeji akikohoa, mahali ambapo mvua haikomi.

Njaa ilipotujia kwa nguvu tulizika wengi wa ukoo. Lakini kwa shemeji, mama mkwe alikataa kunyoa nywele kama wafiwa wanavyofanya, akakataa kuwaita watu waje kukaa msiba. Alisema hakuna aliyemwonyesha mwili. Mpaka alipofariki mwenyewe, miaka mingi baadaye, hakuna aliyethubutu kuandaa msiba huo, na mpaka leo haujafanyika.