Mvua ya Mlimani Haikuwa Yetu

Harufu ya udongo uliolowa ilitufikia mapema, ila mvua yenyewe haikufika. Mwaka huo tulikuwa wageni Kisanga, bondeni Kilosa. Tulihama na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, nchi tambarare ambako ukiona wingu jeusi linakuja unaanua nguo, maana jioni utaloa tu. Baba aliijua mvua ya namna hiyo. Siku ile alisimama mlangoni akatazama milima ya upande wa Lumuma ilivyofunikwa na giza, radi zikinguruma, akamwambia mama atoe mbegu zote za mahindi. Zote, si nusu. Tukapanda shamba zima, mimi nikifukia mashimo kwa mguu nyuma ya mama, nikiwa na furaha ya kijinga ya mtoto anayewaza mahindi ya kuchoma.

Jirani yetu Mama Anna, ambaye babu yake aliletwa Kilosa kukata mkonge, alipita na ndoo yake, akatusalimia, kisha akasimama. "Baba Kabula, ile mvua ni ya mlimani," alisema taratibu. "Sisi huku tunasubiri wingu lishuke mpaka lifunike ule msitu wa chini. Likikaa vileleni, ni lao." Baba alimshukuru kwa adabu zote, akaendelea kupanda. Mama Anna alipoondoka, baba akacheka: tangu lini mvua ikawa na mwenyewe?

Wingu lilikaa kule kule. Kila alasiri walinyeshewa wa mlimani, sisi tukabaki na jua na ngurumo. Mchwa wakala mbegu, kanga wakafukua zilizobaki. Baadaye mwalimu alitueleza darasani kwamba upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupanda juu, hupoa, na kumwaga maji yake huko huko. Nilimsikiliza kwa hasira, utadhani yeye ndiye aliyepanga. Kilichoniuma zaidi ni mto. Ulijaa jua likiwaka, ukapita na maji mekundu ya mvua ya watu wengine pembeni ya shamba letu lililokufa. Baba alikaa ukingoni akiutazama. Kisha akaenda Kilangali kufanya kibarua kwenye shamba la mbegu, na mama akatupikia uji wa chumvi mpaka tukauchukia. Nilikuwa na njaa, lakini baba nilimwonea huruma.

Siku hizi shamba lile ni langu. Kwa miaka mingi maneno ya Mama Anna hayakunitupa: wingu likifika msituni napanda, na wanangu wanakula. Sasa hivi, jamani, sielewi tena. Msitu wenyewe umekatwa, na msimu uliopita wingu lilishuka vizuri, nikapanda, kesho yake likatawanyika na halikurudi. Mwaka huu mbegu nilizonazo zinatosha kupanda mara moja tu, nikikosea tumekwisha. Naogopa, sifichi. Juzi alinipigia simu wifi yangu aliyeolewa Lumuma, huko juu ambako tuliamini mvua haiishi. Nilishukuru, nikidhani ananiletea habari za mvua ya kwao.

"Wifi," akaniuliza, "huko bondeni imeshanyesha? Huku kukavu. Tunawaangalia nyie tujue kama tupande."

Nikamwambia kwamba na sisi tunawaangalia wao.