Siku Bi Hakiki Alipomzima Mzee

Karakana ya mashine za kupimia presha ilikuwa na wafanyakazi kumi na wanane, na Mzee. Mzee hakuwa mtu. Alikuwa kompyuta nzito yenye kioo kilichofifia, pampu ya hewa, na kidole cha chuma. Kidole hicho kilibonyeza kitufe cha kila mashine mpya, mkanda wake wa kufungwa mkononi ukajaa hewa, kisha Mzee akatoa hukumu: nzima au mbovu. Aliyemwandikia amri za kufanya yote hayo, mstari kwa mstari, miaka kumi na miwili iliyopita, ni Bi Hakiki. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hata chai aliionja mara mbili kabla ya kuinywa.

Sasa meneja alikuwa ameleta mtambo mpya, mwembamba, mkimya, unaopima mashine sita kwa pamoja, si moja moja kama Mzee.

"Ijumaa tunamzima Mzee," meneja akasema.

"Ijumaa hii?"

"Ilikuwa Ijumaa ya mwezi uliopita, mama. Wewe ndiye uliyeomba tusogeze."

Kweli, aliomba. Mara umeme hauaminiki, mara kidole cha Mzee kimetiwa mafuta juzi tu, ni dhambi kuyapoteza. Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa amechoka na habari hizo.

"Nilidhani nimekuoa peke yangu," alimwambia. "Kumbe nina mume mwenzangu, na hata salamu hanipi."

"Yeye ananielewa."

"Ataachaje kukuelewa, na kila neno umemfundisha wewe? Mimi nilikuja na maneno yangu."

Alhamisi Bi Hakiki akadai shindano. Mashine hamsini zipimwe na Mzee, kisha na mgeni. Akavuta kiti, akakunja mikono, akautazama ule mtambo kama mama mkwe anayeonja mchuzi wa bibi harusi. Mzee akazipitisha zote hamsini. Mgeni akakataa tatu.

"Mmeona!" Bi Hakiki akaruka. "Hajamaliza wiki, ameshaanza kuonea vitu vya watu!"

Meneja hakubishana. Aliagiza beseni la maji, wakazamisha mkanda wa mashine ya kwanza kati ya zile tatu na kuujaza hewa. Viputo vidogo vikapanda juu, kimoja baada ya kingine. Mashine ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, Bi Hakiki hakuhitaji kuangalia.

Alirudi kwa Mzee, akafungua zile amri za zamani. Kila mkanda ulipaswa kushikilia hewa dakika tatu ili uvujaji mdogo uonekane. Pale paliandikwa: sekunde tano. Na pembeni, maneno yake mwenyewe: "Kwa leo tu. Nawahi harusi ya mdogo wangu." Ile "leo" ilikuwa imedumu miaka tisa.

Angeweza kuufuta mstari ule. Hakuna mwingine aliyewahi kuusoma. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda, kisha akamwita meneja.

Meneja akasoma, akajikohoza kuficha kicheko. "Kwa hiyo Mzee hakuwa mzembe."

"Mzee alitii. Mzembe ni mimi." Mara uso wake ukasawijika. "Na zile zilizoenda hospitali?"

"Hazikwenda. Nenda kaulize chumba cha kufungia mizigo."

Huko alikuwa Dada Boksi, ambaye kila mashine aliijaribu kwenye mkono wake mwenyewe kabla ya kuifunga. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akirudisha zinazovuja, na Bi Hakiki akizipokea kwa jibu lile lile: "Mkono wako mzito, unazitoboa!"

"Dada, nimekuja kukuomba radhi," Bi Hakiki akasema.

"Ya lipi? Yako mengi."

Akamweleza. Dada Boksi alicheka mpaka akaegemea maboksi. Halafu kicheko kikakatika.

"Unajua nilianza kukata kucha kila asubuhi? Nilidhani ni kweli nazitoboa."

"Sikujua, dada."

"Hukuuliza."

Bi Hakiki akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini utawaambia wote, mbele yangu, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukinisemea."

Mchana, wote walipokaa kula, akawaambia. Alisema kwa sauti ile ile, na aliposoma ile habari ya harusi, chumba kizima kikaangua kicheko. Naye akajikuta anacheka.

Ijumaa hakuomba siku nyingine. Akabonyeza kitufe, pampu ikashusha pumzi ndefu, na kidole cha chuma kikabaki kimenyooka hewani. Akamfuta vumbi Mzee wake, polepole, hakuna aliyemharakisha. Kisha akahamia kwenye mtambo mpya na kuanza kuuandikia amri yake ya kwanza: mashine yoyote itakayorudishwa na wafungaji ipimwe upya kabla mtu hajasema neno. Dada Boksi akavuta kiti, akakaa karibu yake kuhakikisha ameiandika vizuri.