Injini Zote Mbili Zilipozima

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali, mwanangu, nikiwa na diploma yangu ya urubani na kiburi kizito kuliko diploma yenyewe. Nilizaliwa Mwananyamala, nikaosha sahani ughaibuni miaka sita, nikajisomesha mwenyewe hadi nikarudi nyumbani mwalimu wa marubani. Hilo silionei haya hata leo. Mtaani kwetu hakuna mwingine.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Rajabu wa Tandale, mtoto pekee wa Bi Mwanahawa, muuza viazi. Mchana huo, tukiwa uwanjani kando ya ndege ya injini mbili, aliniuliza, "Mwalimu, injini zote mbili zikizima, tunafika wapi?"

Nikacheka. "Zote mbili? Kwani bajaji hii, braza? Ndege ina mabawa, itaelea tu."

Mzee Kondo, fundi wetu, akainua kichwa. "Bwana Diploma, mwambie kweli. Ndege hii nzito. Zikizima zote, panga zinazozungushwa na injini zilazwe zisishike upepo, pua iinamishwe ili mwendo usife, atafute pa kutua karibu. Kama hujui itafika umbali gani, fungua kitabu cha ndege."

"Mzee wangu, wewe shika spana."

Rajabu naye akacheka, maana aliniamini. Kitabu sikukifungua. Sikio la kufa, wahenga walisema, halisikii dawa. Ila siku ile sikio lilikuwa langu na kifo kikawa cha mwingine.

Rajabu alihitimu, akaajiriwa. Siku moja alikuwa akirudi peke yake kutoka kaskazini, na mafuta aliyojaziwa huko yalikuwa yameingia maji. Mimi nilikuwa kwenye redio pale uwanjani.

"Mwalimu, zote zimezima. Niko juu ya kilima cha Wazo. Uwanja nauona kwa mbali."

Sikujua kimo chake kingemfikisha wapi. Watu walikuwa wamenizunguka, wananitazama, nami nikaona aibu kunyamaza. Nikasema, "Vuta pua juu kidogo, utafika."

Mzee Kondo akaninyang'anya redio. "Inamisha, mwanangu! Laza panga! Shuka popote penye uwazi!"

"Sawa, babu," Rajabu akajibu. Hatukumsikia tena. Mwendo ulikuwa umeshakwisha, na bawa lisilo na mwendo halibebi kitu.

Msibani, Bi Mwanahawa alinishika mkono. "Asante, mwalimu. Aliniambia kila anachokijua kakipata kwako."

Ilinichukua mwaka mzima kurudi Tandale kumweleza niliyoyasema redioni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kuchambua viazi vyake. Hajawahi kuniuliza neno, na salamu yangu huipokea bila kuinua macho.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu usilolijua kwa sababu watu wanakutazama. Anayekutegemea akikuuliza jambo lililokushinda, mwambie hujui, kisha umtafute ajuaye, hata kama amevaa ovaroli yenye grisi. Elimu yako jivunie, umeitolea jasho. Lakini usiifanye pazia la kufichia usichokijua.

Mungu akujalie ulimi usioona haya kukiri, na kila atakayekuamini amrudishe salama kwa mama yake.