Vidange Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda changu kulikuwa na kazie nne za chupa tupu za bia, chupa kumi na mbili kila kazie, na hakuna mtu mtaani kwetu Kilibula aliyeruhusiwa kuzigusa. Mama akifagia, alifika ukingoni mwa kitanda akaishia hapo. Zile chupa nilizilinda kama kuku anavyolinda vifaranga.

Anayesema chupa tupu ni takataka hakuishi Uvira wakati wa vita. Kwetu zinaitwa vidange, na depo haikupi bia bila vidange. Unapeleka tupu kumi na mbili, unapewa zilizojaa kumi na mbili. Ukienda na pesa peke yake utasimama pale mlangoni kama mpumbavu. Vita ya kwanza ilipotukimbiza, watu waliacha vidange zao majumbani, na wenye bunduki wakanywa kilichonyweka, wakavunja kilichobaki. Tuliporudi, mtu mwenye chupa nzima alikuwa mtu.

Zangu nilikuwa nimezizika. Wenzangu walibeba masufuria na magodoro, mimi nikachimba shimo nyuma ya jiko nikafukia chupa. Walinicheka njia nzima ya kupanda milima ya Rurambo. Lakini nilikuwa nimezikusanya moja moja kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu, na tulipatana kwamba kazie zikifika tano tutafunga ndoa. Siku ya kukimbia yeye aliingia mtumbwi wa kwenda Kigoma, sisi tukapanda mlima.

Tuliposhuka nilifukua, na chupa zote zilikuwa nzima. Mchumba ndiye hakurudi. Mwanamke mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliniletea habari ambayo sikumwomba: yuko Kigoma, ana mke, na mke ana mimba. Nikamwambia aksanti. Nikaziosha chupa zangu kwa majivu, nikazipanga chini ya kitanda, na sikusema zinangoja nini.

Sasa nimseme mdogo wangu. Nilimzidi miaka sita, na aliniita yaya, kama kwetu wadogo wanavyowaita wakubwa wao. Alikuwa mtu wa kucheka. Akikosa, alicheka, ukimkemea, alicheka, na watu wakampenda hivyohivyo. Vita ya pili ilipoanza akampata kijana mmoja wa uwanda wa Ruzizi, mtoto wa wakulima, watu wanaosema Kirundi nyumbani kwao. Masikio makubwa, shati moja la kanisani, basi. Sikumtaka yule kijana, Mungu wangu anajua! Lakini barabara ya uwanda ilikuwa imejaa vizuizi, na yeye kila Jumapili alitokea na baiskeli yake, mara nyingine ameibeba begani, matope mpaka kiunoni. Hapo ndipo moyo uliniwaka. Wa kwangu alikwenda akapotea, wa kwake alikuwa anarudi.

Wakaamua kuoana. Parokia ilitupa sale yake, ukumbi wa mikutano, bure, lakini sale yenyewe ilikuwa benchi na kivuli tu. Kinywaji unakuja nacho mwenyewe. Ungefikiri tungepika kasiksi, ile pombe ya ndizi, tukamaliza maneno. Aka! Miaka ile hakuna mzee aliyekunywa kutoka chungu cha watu asiowajua. Kila mtu aliogopa sumu. Mkwe alitaka chupa iliyofungwa, iwekwe mbele yake, ifunguliwe macho yake yakiona. Bila hivyo angekaa na midomo mikavu mpaka mwisho, kisha arudi kwao aseme tumemdharau. Na upande wa mume walikuwa wanakuja wazee benchi mbili nzima.

Pesa ya bia ilipatikana. Vidange hazikupatikana. Mama alizunguka mtaa mzima, akarudi, akasimama mlangoni pa chumba changu, mikono kiunoni.

"Weye mutoto, zile chupa zinangoja nani?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilimwambia chupa ni zangu na asiniulize tena, nikalala nimegeukia ukuta, jua bado liko juu. Siku mbili sikutoka chumbani. Nilisikia mama akilalamika jikoni, na mdogo wangu akimjibu kwa sauti ya chini:

"Mama, umuache yaya. Ziko zake."

Ee! Kama angekuja akanililia, ningemfukuza na roho yangu ingetulia. Lakini yeye alinitetea, bibi harusi mwenye huruma, na mimi nikabaki mchawi wa nyumba. Nilimchukia kwa lile neno kuliko kwa harusi yenyewe.

Siku ya tatu nikatoka, nikasema mzichukue. Mama akapiga vigelegele. Hakujua nilichokuwa nimekifanya mchana ule, yeye akiwa ziwani anafua. Depo hawapokei chupa iliyomeguka mdomo, kwa sababu kizibo hakishiki vizuri. Mtu wao anapitisha kidole kwenye kila mdomo. Mimi niliyejua hivyo nilichukua kijiko cha chuma, nikakaa sakafuni, nikagonga midomo ya kazie moja, chupa baada ya chupa. Kidogo tu, kimeguko cha ukubwa wa punje ya mchele. Kisha nikazirudisha kwenye kazie, kila kimeguko nimekigeuzia ndani, kisionekane. Nilitaka benchi moja ya wakwe ikae bila kitu, na mdogo wangu aione, siku moja katika maisha yake, akose kucheka.

Siku iliyotangulia harusi, yeye na mchumba wake walizipakia kwenye baiskeli wakaenda depo. Mimi nilibaki uani nachambua maharage, nasikiliza njia. Walichelewa. Nikasema moyoni, yametimia. Halafu nikawasikia wanakuja, na chupa zinalia kwa uzito, kazie zote nne zimejaa. Mdogo wangu alikuwa analowa jasho.

"Aksanti, yaya," akasema, akapita.

Kumbe mtu wa depo ni mvivu! Ndivyo nilivyowaza, na nililaani uvivu wake chakula chote cha jioni.

Harusi ilifanywa mchana, kwa sababu ikifika saa kumi na mbili kila mtu awe ndani kwake. Mimi ndiye niliyegawa bia. Nilisimama mbele ya kila mzee, nikaweka chupa, nikaifungua akiangalia, na kila kizibo kilichodondoka kilinichoma. Msemaji wao akasimama, akasema familia inayoweza kupokea wakwe namna hii katikati ya vita ni familia iliyoshikamana. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, bwana, ningefanya nini?

Nilijitafutia cha kufurahia, nikapata viwili. Kwanza, ulipofika wakati wa kuvua gauni jeupe, mdogo wangu alitoka na kikwembe, kitenge chake cha kila siku. Mama alikuwa amemtafutia kipya cha manjano chenye ndege, maalumu kwa saa ile. Nikajiambia, huyo, hata kuvaa hajui. Pili, alikuwa anainama chini ya mabenchi, bibi harusi mzima, anaokota chupa tupu na kuzipanga kwenye kazie, anawaambia vijana wasizipige teke. Nilicheka peke yangu. Nikasema mume wake ataona ameoa mchuuzi.

Jumapili nikaenda misa. Mbele yangu aliketi jirani yetu, mama mmoja mjane mwenye kibanda cha mafuta ya mawese, na kiunoni amefunga kikwembe cha manjano chenye ndege. Sikusikia mahubiri. Tulipotoka nikamshika mkono.

"Mama, hii kikwembe umeitoa wapi?"

"Mudogo yako," akasema, akashangaa. "Hakukuambia? Depo walikatala vidange kumi na mbili, midomo imemeguka. Akakuja kwangu mbio, iko analia. Minye nilikuwa na kazie moja, lakini siazimishe chupa, utazipata wapi tena? Nikamupa, akanipa kikwembe, tukamalizana. Akasema nisimwambie mama yenu."

Nilirudi nyumbani. Bibi harusi hatoki nyumbani kwa mumewe upesi hivyo, lakini Jumatatu asubuhi wakafika wote wawili na baiskeli. Mumewe akashusha kazie nne, akaenda kumsalimia mama. Mdogo wangu akaziingiza mwenyewe mpaka chumbani, akapiga magoti, akazisukuma chini ya kitanda. Zilikuwa zimeoshwa.

"Ziko zote, yaya. Hesabu."

Sikuhesabu. Nilijua kwamba kazie moja haikuwa yangu tena, kwamba imelipiwa na nguo yake ya harusi. Nikamtazama usoni, nikaona anajua. Alijua tangu pale depo, tangu kidole cha yule mtu kilipokwama kwenye mdomo wa kwanza. Nikafungua kinywa.

"Acha," akasema. Hakuwa anacheka. "Siku yako ikifika, minye ndiye nitapeleka vidange depo. Usimupe mutu mwingine."

Akasimama, akapangusa magoti, akatoka kumfuata mumewe.

Mimi nilibaki nimekaa sakafuni, pale pale nilipokaa na kijiko. Aibu ilikuja baadaye, na bado ninayo. Kilichotangulia kilikuwa kile kile kijicho changu. Siku ile nilipokuwa nagonga midomo ya zile chupa nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba sitaolewa. Mtu anayengoja siku yake havunji vidange zake. Katika nyumba ile yote, aliyebaki anaingoja siku yangu alikuwa yeye. Hata hapo alikuwa amenizidi.