Aliyeumwa Ndiye Aliyefungwa

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, kabla hujazaliwa, nilipomuua samaki kwa huruma. Nakuandikia hii nikiwa na hasira. Ukikua uisome, usitafute maneno laini humu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, nikapata kazi ya kufagia ofisi ya kiwanda cha chai. Kwetu ni Boito, na pale kiwandani sikujua mtu. Marafiki zangu walikuwa samaki sita ndani ya tangi la kioo, pale wageni wanapongojea. Usicheke. Mtu akimaliza siku nzima bila kuitwa jina, hata samaki huwa jirani.

Mmoja alikuwa mkubwa, mweusi, ameshika kona ya mawe kama shamba la babake. Mwenzake akikaribia, anaumwa. Yule mdogo mwekundu alikuwa ameraruliwa mkia mpaka umebaki nyuzi. Huyo nilimpenda kuliko wote. Nikamtoa, nikamweka peke yake kwenye chupa ya jemu, dirishani. Nikajiona nimeokoa.

Siku ya tatu nilimkuta amelala ubavu. Mkia ulikuwa umeanza kupona. Samaki ndiye aliyekuwa amekufa.

Mzee Okumu, fundi wa mashine aliyetoka huko ziwani, alinikuta nimeshika ile chupa nikilia. Aliniita Nyar Boito, yaani binti wa Boito. Ni yeye pekee aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi.

"Nyar Boito, nani alikuwa anauma?"

"Yule mweusi."

"Na wewe ukafunga nani?"

Nikainua ile chupa, nikamwonyesha.

"Ati huruma! Fisi akiingia kwa boma, unatoa mbuzi unamwachia fisi boma?"

"Lakini Mzee, yule ni mkubwa, na hiyo kona ni yake."

"Mkubwa ni tumbo tu. Leta ndoo."

Tukamtoa mweusi, tukamweka kwenye ndoo pana, na chakula chake tukampa. "Hatumchukii," Mzee alisema. Halafu akapangua mawe yote, akatia na vipande vya chungu kilichovunjika, wadogo wapate pa kujificha. Baada ya siku nne tukamrudisha. Alizunguka akitafuta kona yake, wapi! Naye akawa mgeni kama wengine. Alijaribu kuuma mara moja, mara mbili, akachoka.

Mimi nikabaki natazama watano.

Sasa wewe. Leo umerudi kutoka nasari na alama ya meno mkononi, ya pili wiki hii. Ukaniambia mwalimu amekuhamisha, unakaa peke yako kando ya mlango, ndio usiumwe. Na ulikuwa unashukuru! Hapo ndipo damu iliponichemka.

Wahenga husema mnyonge hana haki. Uongo. Haki anayo, ila watu huona ni rahisi kumhamisha yeye kuliko kupangua mawe. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanangu, usikubali kufungwa kwa kosa la mwingine, hata kama anayekufunga anakupenda. Mimi nilimpenda yule mwekundu, na bado alikufa. Ukiona mtu anaumwa, usimwambie ahame, mwendee anayeuma. Na huyo mtoto aliyekuuma usimchukie, ni mtoto kama wewe. Atolewe kidogo, afundishwe, akirudi akute darasa limepangwa upya. Nawe siku ukipata nguvu, usishike kona.

Kesho kazi yangu ya majani ya chai itangoja. Nitakushika mkono mpaka ndani ya darasa, na sitoki huko kabla madawati hayajasongeshwa, nikuone umekaa katikati ya wenzako. Mungu akupe meno ya kula na kucheka tu, mwanangu, na popote utakapokaa, pawe na mtu kushoto kwako na mtu kulia kwako.