Vidole vya Kusomea

Kwetu ni juu ya barabara ya lami, kwenye mteremko wa Meru, mahali ambapo migomba na kahawa vimebanana kiasi kwamba jirani hujui yupo mpaka akohoe. Nilipofuka ningali mdogo, baada ya surua. Sikumbuki kuona chochote isipokuwa kitu chekundu ambacho kaka yangu anadai kilikuwa beseni la kuogea. Mimi nasema lilikuwa jua. Tumebishana juu ya jambo hilo maisha yetu yote.

Utotoni hakuna kitu nilichokichukia kama pole. Kila Jumapili baada ya ibada akina mama walinijia mmoja mmoja, wakaniwekea mkono kichwani bila kuniuliza, wakamwambia mama pole, kana kwamba nimekufa na huku nimesimama palepale nimeshika sketi yake. Wengine walinipazia sauti, utadhani surua iliondoka na masikio pia. Mama alijibu asante, basi. Tukishaachana nao alitembea haraka mno, mpaka nikawa najikwaa. Alikuwa na hasira ya kimya. Hasira hiyo nimeirithi, ukimya sikuurithi.

Nilipofikia umri wa kusoma nilipelekwa shule ya bweni mjini, iliyokuwa na kitengo cha wanafunzi wasioona. Huko nilijifunza nukta nundu, yale maandishi ya vinundu kwenye karatasi nene ambayo sisi husoma kwa ncha za vidole. Nilikuwa msomaji hasa. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali aliyetembea akinukia sabuni ya kipande, alizoea kunipa kitabu niwasomee wenzangu mchana, walipokuwa wanasinzia kwa sababu ya makande. Nilisoma haraka kuliko wote na nilijua hivyo, na nilihakikisha na wao wanajua.

Nyumbani nilirudi likizo tu, na nikirudi nilikuwa mgeni. Ndugu zangu walichota maji, walikata majani ya ng'ombe, waligombania zamu za kuosha vyombo mpaka wakachapwa. Mimi niliwekewa kigoda karibu na mlango wa jiko na kupewa chai. Kama kuna mtu anadhani hayo ni maisha mazuri, akae yeye kwenye kigoda mwezi mzima akisikiliza wenzake wakiitwa majina yao na lake haliitwi.

Likizo ya Desemba, nikiwa nimemaliza darasa la sita, mama alikata shauri. Siku hiyo tulitoka kanisani na sijui aliambiwa nini huko, maana alitembea haraka kuliko siku zote. Alipofika alipanda darini, akashusha gunia la mahindi, akalimwaga mbele ya kigoda changu mpaka mengine yakanigonga miguuni. Kisha akaniambia kwa Kimeru, lugha aliyoitumia alipokuwa hana utani, kwamba nyumba ile haina mgeni.

"Pukuchua," alisema.

Msimu ule mahindi yaliyokaa darini hupukuchuliwa kabla dumuzi hawajayageuza unga. Akina mama majirani huja kusaidiana, leo kwako, kesho kwangu, na watoto wao nyuma. Nilifundishwa kama watoto wengine: unachimbua punje za mstari mmoja kwa ncha ya kidole, ukishapata nafasi unasukuma mistari inayofuata kwa dole gumba. Wenzangu waliona pa kuanzia. Mimi nilipapasa kwanza, halafu nikachimbua, na kidole nilichopapasia na kuchimbulia ni kidole cha shahada, kilekile cha kusomea. Nilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine, mwishowe ngozi ikawa ngumu na maumivu yakaisha. Nilifurahi yalipoisha. Nilidhani ndiyo kukomaa kwenyewe.

Sijawahi kuwa na furaha kama ya likizo ile, na nina umri wa kutosha kuwa na uhakika na ninachosema. Sababu si mahindi. Sababu ni maneno. Wanawake wakipukuchua wanazungumza, na mtu anayepukuchua nao hawamfichi kitu. Nilijua ndoa ipi inayumba, nilijua mchungaji alihamishwa kwa nini, nilijua kuhusu yule mzee wa kwaya aliyekuwa anapika pombe nyuma ya zizi. Walinisahau, lakini walinisahau jinsi unavyomsahau mtu wa nyumbani. Na mama alicheka. Kicheko chake kilianzia puani, kikazuiliwa kidogo, halafu kikamshinda. Siku moja mgeni fulani alipita, akanikuta na gunia langu, akaanza kusema pole. Mama akamwambia aache pole, avute kigoda amsaidie yeye, maana mtoto anamwacha nyuma.

Januari nikarudi shule. Siku ya kwanza mchana mwalimu alinipa kitabu kama kawaida, nikafungua, nikaweka kidole kwenye mstari wa juu. Hakukuwa na mstari. Nilishuka chini ya ukurasa, nikapanda tena, nikafungua ukurasa wa pili. Kwa adabu zote nikamwambia mwalimu kwamba kitabu alichonipa hakijaandikwa. Darasa zima likacheka, wakidhani nafanya mzaha. Mwalimu alikuja, akanishika mkono, akapitisha kidole chake juu ya ncha ngumu ya changu. Hapo ndipo walipoacha kucheka.

Lazima nieleze maana yake. Tulikuwa tunaingia darasa la saba na mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa tisa. Asiyeweza kusoma nukta nundu angesomaje maswali? Na asiyefaulu angerudi nyumbani, na kwa mtoto kama mimi kurudi nyumbani kulimaanisha kile kigoda na ile chai mpaka uzee. Nililia bwenini nikiwa nimeweka vidole mdomoni kuvilainisha, kama mtoto mchanga.

Mwalimu alimwita mama. Alikuja asubuhi na mapema, kandambili zake zina tope la mlimani, nikamsikia anamwamkia mwalimu kwa heshima zote ingawa mama ndiye alikuwa mkubwa kwa umri. Mwalimu hakumzungusha. Alisema mbele ya walimu wengine wawili, na mimi nimesimama katikati.

"Mama, hivi vidole ndiyo macho yake. Wewe umempeleka mtoto likizo ukamtoboa macho."

Niliusikia mfuko wa plastiki wa mama ukichakacha mkononi, ulikuwa na ndizi za kuiva alizoniletea. Hatimaye akasema, "Sikujua, mwalimu. Naomba unisamehe."

Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu vidole. Nampenda mpaka leo, na bila yeye nisingekuwa chochote. Lakini sentensi ile ya pili sijamsamehe, na naandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe ameshafariki na siwezi kumwambia.

Vidole vilipona. Kila jioni nilivitia kwenye maji ya uvuguvugu, nikavipaka mafuta ya mgando, na mwalimu alinikataza hata kufua. Kufikia Pasaka vinundu vilianza kurudi, kwanza vile vya katikati ya ukurasa, baadaye vyote. Nilifaulu. Nikaenda sekondari, nikaenda chuo, sasa ni mwalimu kwenye kitengo kama kile nilichosomea mimi, na ninaishi mjini, Sombetini, kwenye nyumba ambayo fundi wake alisahau kuweka ngazi moja sawasawa na nyingine. Watu wakiisikia hadithi yangu inapofika hapa hupiga makofi.

Mimi huwa nakumbuka likizo ya Juni ya mwaka uleule wa mtihani. Nilifika nyumbani nikakuta kigoda kipo mahali pake, na juu yake mama ameweka mto. Hakuniachia hata sahani yangu niioshe. Nikinyanyua kikombe, mkono wake ulikuwa umeshafika. Ndugu zangu wakaniita malkia, wakachapwa kwa hilo. Ulipofika msimu wa kupukuchua, niliposogea kwenye rundo alinirudisha taratibu, kwa bega, akaniwekea kitabu changu kikubwa mapajani, akaniambia nisome, wote wasikie.

Nikasoma. Akina mama wakanyamaza, kama wanavyonyamaza mbele ya mahubiri. Nikimaliza ukurasa wanasema Mungu ni mwema, nikifungua mwingine wananyamaza tena. Sikusikia tena habari za ndoa ya mtu wala pombe ya mtu. Mama alisikiliza kuliko wote, na hakucheka, kwa sababu kitabu cha jiografia hakina cha kuchekesha. Likizo zote zikawa hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa pale sakafuni. Wale wanawake wenyewe, vidole vilipowauma, waliokota gunzi, lile linalobaki punje zikiisha, wakalisugua kwenye hindi zima, na punje zikaporomoka zenyewe. Gunzi kwenye kiganja, vidole vimekunjwa, ncha haziguswi. Kila mmoja wetu alilijua jambo hilo. Mwalimu alilelewa shambani, alilijua. Mama alilijua. Mimi nilikaa juu ya marundo ya magunzi. Hofu ilituingia kwa namna ambayo hakuna aliyefikiri kwamba mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, kazi na kusoma.

Sasa kila shule inapofungwa nawasimamisha wazazi nje ya bweni, nawapa kila mmoja gunzi, nawaonyesha. Wengine wametoka mjini, Elerai, na hawana hata mche wa mahindi, wananishangaa. Nawaambia wampe mtoto kazi na wamlindie vidole, yote mawili, na asiyenielewa simruhusu aondoke.

Mwaka huu macho ya mama nayo yameanza kuondoka. Daktari ameuita ugonjwa huo presha ya macho na kusema kilichopotea hakirudi. Nilipanda mlimani kumwona mwezi uliopita. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu mwema sana, na kwa wema wake amemwekea mama kigoda karibu na mlango wa jiko, na mto juu yake. Nilimsalimia mama shikamoo, akaitikia, akanivuta karibu, akaninong'oneza sikioni.

"Nimekaa tu, mwanangu," alisema. "Nimekaa kama mgeni."

Nilimwomba wifi alete mahindi, gunzi moja na beseni. Alisita, akavileta. Nikapapasa gunzi, nikalitia kwenye kiganja cha mama, nikamkunjia vidole. Hakuhitaji kufundishwa. Punje zilianza kuporomoka kwenye beseni, na baada ya muda nikasikia anapumua vizuri, halafu akaanza kumsimulia wifi habari za jirani mmoja na mbuzi wake, na kile kicheko kikaanzia puani.

Nikanyoosha mkono nichukue hindi langu. Alisikia. Kicheko kikakatika, akanishika kiganja, akapitisha kidole chake juu ya ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja, kama alivyofanya mwalimu siku ile. Akaniondolea hindi mkononi.

"Wewe soma, mama," aliniambia.

Nikamwambia sikuja na kitabu. Nikamwambia kuhusu gunzi, kwamba haliumizi, kwamba nawafundisha wazazi wa watoto wengine kulitumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado amenishika vidole.

"Basi kaa tu," alisema. "Pumzika."

Akarudi kwenye beseni lake. Nikakaa karibu naye, mikono mapajani, nikisikiliza punje zinavyoanguka.