Ufunguo Usioingia Popote

Wifi yangu Klaudia hajui kuendesha gari, hajawahi kushika usukani hata kwa mzaha. Lakini kwa miaka miwili hakuna gari lililotoka uani kwao Kibeta, Bukoba, bila yeye kuwemo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akasikia nusu ya habari akaanza kumhukumu. Waliomhukumu wanatosha, na mmoja wao alimzaa mwenyewe.

Mume wake, Ildefons, ni kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa dereva wa malori ya kahawa tangu barabara ya Biharamulo ikiwa vumbi tupu. Funguo zake alizining'iniza kwenye kitanzi cha suruali, na akitembea zilikuwa zinalia. Klaudia aliolewa na mlio ule. Mume mwenyewe yuko Mwanza, yuko Dodoma, yuko bandarini Dar es Salaam anasubiri kushusha mzigo. Mlio ukisikika mlangoni, Klaudia anaweka sufuria jikoni. Kesho yake alfajiri mlio unaondoka. Watoto wote alijifungua baba yao akiwa safarini. Nilimtania sana enzi hizo. "Wifi," nilimwambia, "wenzio wameolewa na wanaume, wewe umeolewa na kengele." Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Ildefons alistaafu, akarudi kukaa nyumbani kama mgeni asiyejua vikombe vinawekwa wapi. Ndipo mwanawe mkubwa, Onesphory, mwenye kazi nzuri Dar es Salaam, alipoagiza gari aina ya Noah kutoka Japani na kumletea baba yake. Kijana aliyelifikisha aliwaonyesha viti vya kukunja na taa, kisha Ildefons akaketi nyuma ya usukani. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe chini ya usukani, ukapapasa. Ukapapasa tena.

"Tundu liko wapi?" akauliza.

"Hakuna tundu, mzee. Unabonyeza hapa tu."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo ndio huu, waitu, mzee wangu. Uwe nao tu mwilini. Gari linautambua lenyewe."

Akampa kidude cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kuogea. Kaka yangu akakigeuza huku na huku. Akabonyeza kitufe. Redio ikaanza kuimba, taa zikawaka, injini kimya. Akabonyeza tena, vyote vikazimika. Majirani walikuwa wamejaa uani wanatazama. Kijana akamweleza kwamba lazima kwanza akanyage breki. Mtu aliyepandisha malori yaliyojaa kahawa milima yote ya mkoa huu aambiwe akanyage breki ili gari liwake! Kwake breki ilikuwa ya kusimamishia. Mzoea punda hapandi farasi, na farasi huyu alikuwa anamwaibisha mbele za watu. Hata maandishi ya kwenye dashibodi yalikuwa ya Kijapani, wala Onesphory na digrii yake asingeyasoma.

Siku chache baadaye akaenda sokoni peke yake. Klaudia alikuwa amesimama dirishani mwa gari anamwagiza chumvi, kidude kikiwa mkononi mwake yeye Klaudia, kwa hiyo gari likawaka. Likaondoka vizuri tu, linapiga kelele njia nzima, yeye akadhani linadai mkanda. Sokoni akalizima. Kuwaka tena likagoma. Alikaa pale anatazama Kijapani mpaka Klaudia alipoletwa na bodaboda. Wifi akaingia, akaketi, gari likawaka. Wachukuzi wa ndizi wakapiga makofi.

Kaka yangu aliona aibu, na kwetu aibu ya mwanamume hugeuka utani upesi. "Gari hili limekuoa wewe," akamwambia. "Shika kidude chako. Mimi ufunguo usioingia popote siuiti ufunguo."

Ikawa hivyo. Angeweza kukitia mfukoni mambo yakaisha, ni kweli. Hakutaka. Na Klaudia naye, aliniambia baadaye, angeweza kukiacha garini siku zote, naye hakutaka. Alikifunga kwenye pindo la kitenge, fundo la kubana, na kila Ildefons alipotaka kutoka ilimbidi amwite: "Mama Onesphory, twende." Fundo hilo lilikuwa siri yao wawili, mimi nilikuja kulijua baadaye.

Basi wakazunguka. Walikwenda Kyaka, wakaenda Mutukula kutazama tu mpaka wa nchi ulivyo, wakasimama Kemondo wakala samaki wa kukaanga ndani ya gari, vioo vimeshushwa. Hapa kwangu Kamachumu, kwenye kibanja cha baba yetu, shamba la migomba la ukoo, walikuja mara nyingi kuliko miaka yote ya lori. Nilimwona wifi anashuka amepaka mafuta, amevaa viatu vya kanisani siku ya kazi. Nilimwonea wivu, sifichi. Mwanamke yule alikuwa ameanza kuolewa uzeeni.

Halafu ikaja Alhamisi ile. Ildefons alikula mchana, akajilaza. Klaudia akaenda Buhembe kwa miguu, njia ya mkato, kumjulia hali mwenzake wa jumuiya aliyekuwa anaumwa. Fundo lilikuwa pindoni mwake kama kila siku. Mazoea yana taabu. Kitu ukishakizoea mwilini hukihisi tena. Simu yake aliiacha mezani kwenye chaji, na majirani walikuwa shambani. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aliporudi, jua limeinama, alimkuta mumewe ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, amevaa koti lake la misa. Alikuwa ameshafariki. Daktari alisema ni moyo.

Watu walipojaa walisema mzee amekufa akijiandaa kwa safari, kifo cha dereva, Mungu amempa alichokipenda. Walikuwa wanamfariji mjane. Hawakujua kwamba kaka yangu alikuwa anajipeleka hospitali, na kutoka Kibeta kwa gari hospitali si mbali. Hakuna aliyeuliza ufunguo ulikuwa wapi, maana wote walijua gari lile linawaka bila ufunguo. Aliyejua ni Klaudia peke yake. Alijua palepale, kabla hata hajapiga yowe.

Tulimleta Kamachumu kumzika kibanjani. Onesphory alikuja kwa ndege. Viti vya nyuma vya Noah vikakunjwa, jeneza likaingia, Klaudia akaketi ubavuni mwa jeneza, mimi ubavuni mwake. Onesphory akakanyaga breki, akabonyeza, gari likawaka mara moja. "Baba ameliacha zima," akasema, akajifuta machozi. Wifi aliubana mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Nilidhani ni uchungu tu.

Tulizika Jumamosi. Jioni Onesphory alitaka kuteremka Bukoba, na gari likagoma. Likapiga kelele zake, likaonyesha Kijapani chake. Akapekua chini ya viti, akapekua mazulia, akapekua mabegi ya mama yake. Klaudia alikuwa ndani, ameketi kwenye majani yaliyotandikwa kwa matanga pamoja na sisi wanawake, pindo amelikalia. Gari lilikuja na ufunguo mmoja tu, na fundi wa Mwanza aliyepigiwa simu alisema kutengeneza mwingine ni kazi ya kusubiri. Onesphory akasimama katikati ya ua, akashika kichwa.

"Koti!" akasema. "Ufunguo uko mfukoni mwa koti lake. Tumemzika nao."

Alikuwa amewaza vizuri. Gari liliwaka jeneza likiwa ndani, jeneza liliposhuka likakataa. Kila mtu aliitikia. Alisahau kitu kimoja tu: mama yake naye alishuka.

Fundi Mwesiga alikuwa aje Jumanne kumwaga zege juu ya kaburi. Onesphory akasema lazima tufukue kabla ya zege. Mdogo wetu Rugambwa akampinga: "Mwanangu, kwetu mtu hazikwi mara mbili."

"Baba mdogo," Onesphory akamjibu, "hilo jeneza ulinunua wewe?"

Rugambwa akatazama viatu vyake. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofika hapa, mtoto anampangia mzee jinsi ya kulala kaburini. Nilitaka kumzaba kofi kijana yule na shahada zake zote.

Jumatatu jioni nilikuwa jikoni namenya ndizi, Klaudia akanifuata. Akafungua fundo. Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, kisu kilinidondoka. Alinieleza habari ya Buhembe, ya simu, ya koti. Alieleza bila kulia, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kautupe chini ya kiti," nikamwambia. "Watauokota kesho, basi."

"Nimeshajaribu, wifi. Nimefungua mlango nikaona kiti chake. Nimeshindwa."

"Basi nipe mimi nikautupe."

"Halafu Onesphory aseme baba yake aliudondosha? Ildefons hajapoteza ufunguo maisha yake yote."

"Amekufa, Klaudia! Marehemu haoni aibu."

"Mimi naona."

"Basi mwambie mwanao ukweli."

"Nikimwambia, sina mtoto," akasema. Akalifunga tena fundo lake. Nilimwita mjinga, nikarudi kwenye ndizi zangu kwa hasira, lakini sikula.

Asubuhi Onesphory alikuja kibanjani na vijana wawili wa majembe. Udongo ulikuwa bado laini, unachimbika kama tuta jipya. Rugambwa hakutokea. Wanawake tulisimama kwa mbali, wengine wamefunika nyuso. Jembe la kwanza liliingia, la pili likaingia, na mashada ya maua yakasukumwa pembeni kwa mguu. Ndipo Klaudia alipotoka ndani, akatupita, akapiga magoti pale penye udongo. Fundo lilikuwa limebana mno, akalifungua kwa meno. Akakiweka kidude juu ya kaburi.

Majembe yakasimama.

"Umeutoa wapi, mama?" Onesphory akauliza.

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Nikaupaza mbele za watu wote: "Ameuokota kitandani! Ulidondoka wakati wa kufungasha, nilimwona mimi, shangazi yako!"

"Hapana, wifi," Klaudia akasema taratibu. Akamgeukia mwanawe. "Nilikuwa nao mimi. Siku ile nilikwenda nao Buhembe."

Onesphory alichelewa kuelewa. Tulimwona akipanga moja na moja, uso unabadilika. "Kwa hiyo baba aliingia garini..."

"Aliingia."

"Akabonyeza."

"Sijui alibonyeza mara ngapi, mwanangu. Nilipofungua mlango mguu wake ulikuwa bado juu ya breki. Nikainama nimshike, na kile kitufe kikawaka kijani."

Kila aliyewahi kupanda gari lile alijua kijani maana yake nini: liko tayari, bonyeza twende. Nami niliyemwita mjinga jana yake nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu nilimwona kaka yangu, mtu aliyebishana na breki ile mbele ya majirani, amekufa anaikanyaga kama alivyofundishwa.

Onesphory akainama, akaokota ufunguo, akaufuta udongo kwenye suruali. Nilingoja amshike mama yake mkono amwinue. Moyo wangu wote ulikuwa unamwomba afanye hivyo. Aliwaambia vijana wafukie walipochimba. Kisha akasema, bila kumtazama: "Nyumba ya Kibeta nitaifunga. Ubaki hapa na shangazi." Akapita katikati yetu kuelekea uani.

Klaudia hakumwita. Alikuwa bado amepiga magoti, pindo la kitenge limekunjamana pale lilipofungwa miaka miwili, analinyoosha kwa vidole. Tukasikia mlango wa gari. Nikaona vidole vyake vimeacha kunyoosha pindo. Nadhani hata saa ile kuna kitu ndani yake kilichoamini kwamba halitakwenda, kwamba Onesphory atarudi kumwita kama baba yake alivyokuwa anamwita. Injini ikaunguruma mara moja. Gari likageuka, likashika njia ya Muhutwe.

"Limewaka, wifi," akaniambia. "Na mimi niko huku."